Fahamu: Namna ya kuhalalisha pikipiki ya zamani iliyonunuliwa bila kadi

Nchini Tanzania, kadi ya usajili hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA), nayo huonyesha mmiliki wa pikipiki. Anayenunua pikipiki bila kadi hubaki na chombo ambacho kwenye usajili bado ni cha mtu mwingine.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi. Namba ya chesisi huchongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Ya injini huwa kwenye bloku yake. Namba iliyokwanguliwa kwa tupa ni dalili ya wizi.

Hatua ya pili ni kumtafuta mmiliki aliyesajiliwa kupitia namba ya usajili, inayoanza na MC. Kadi ikiwa imepotea, yeye ndiye anayetoa taarifa polisi na kuomba nakala mpya TRA.

Hatimaye, pande zote mbili husaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kisha huwasilisha TRA kadi, vitambulisho na namba za mlipakodi, na kulipa ada na kodi za uhamisho. Kadi mpya hutoka kwa jina la mnunuzi.