Kwadi ya dola 900 iliyonigharimu 2,545

Niliinunua mwishoni mwa Novemba, theluji ya kwanza ikiwa imeshaanguka hapa Columbus, Ohio, na mwenyewe ana haraka ya kuondoa uani kwake kila kisichowaka. Ilikuwa Honda TRX400EX ya mwaka 2001, nyekundu iliyopauka ikawa waridi, haijawashwa kwa miaka mitatu. Alianzia dola 1,200, tukapatana 900 taslimu. Njiani nilijiona mjanja. Wiki ya mwisho ya Aprili nilipoiteremsha kwenye trela kule Monday Creek, ndani ya msitu wa Wayne, daftari langu lilikuwa limefika dola 2,545. Wiki hiyohiyo nyingine ya aina ileile, inayowaka na kutembea, ilikuwa inauzwa mtaa wa tatu kutoka kwangu kwa dola 2,500.

Kwa hiyo sikuokoa hata senti. Ila nilipata mashine ninayoijua hadi nati ya mwisho. Ningechagua nyingine, leo ingekuwa bado iko chini ya turubai, vipande vyake vimejaa kwenye makopo ya rangi.

Niseme kwanza ni kwadi ipi ninayoizungumzia. Si zile pana za kubebea majani ya ng'ombe, wala zile wanazopandishwa watalii Nungwi wakirudi wamejaa vumbi. Kwadi ya michezo ni nyepesi, ina klachi ya mkono na gia za mguu, inaendeshwa na cheni kwa magurudumu ya nyuma tu, na imetengenezwa kwa ajili ya kuruka matuta. Wenye nazo huziendesha kikatili. Ndiyo maana za zamani huuzwa kwa bei ya kuvutia, na ndiyo maana bei hiyo ni ya kuiogopa.

Niliangalia tatu kabla ya kutoa pesa.

Ya kwanza ilikuwa Yamaha Banshee. Hiyo ndiyo kila kijana aliyekulia Marekani miaka ya 1990 aliyoiota: silinda mbili, sisi 347, injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa maji. Iliuzwa hapa tangu 1987 hadi 2006. Mtu aliyewahi kupanda Yamaha DT za zamani kule nyumbani anaujua moshi wake na mlio wake. Zidisha mara mbili. Tatizo ni kwamba ndoto ina bei. Iliyokuwa mbele yangu ilikuwa imenoki, na bado mwenyewe alitaka dola 3,500. Halafu kila kitu ni viwili: pistoni mbili, kabureta mbili, ekzosi mbili. Oili unachanganya mwenyewe kwenye petroli, na sili moja ikianza kuvuta hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, pistoni inayeyuka. Krenki yake inataka fundi mwenye mashine ya kuibana na kuinyoosha. Si kazi ya nyundo na gogo. Nilipiga hesabu ya haraka nikaona dola 6,000 zinanichungulia. Kama una mapenzi nayo tangu utoto, nunua, sitakuzuia. Ila usimwambie mkeo kwamba ni kubana matumizi.

Ya pili ilikuwa Kawasaki KFX400, na hapa kuna siri ambayo wengi hawaijui. Kawasaki hiyo ni Suzuki LT-Z400 iliyovaa plastiki za kijani. Arctic Cat nayo iliuza ileile kwa jina la DVX400. Injini ni moja, sisi 398, inapozwa kwa maji, jamaa wa ile iliyomo kwenye pikipiki ya DR-Z400, kwa hiyo spea ziko tele na zinaingiliana. Ukiona yenye nembo isiyotafutwa sana, bei inaweza kuwa ya chini kwa chuma kilekile. Ningeichukua. Kilichonikatisha tamaa ni kitu kimoja tu: ilikuwa imefunguliwa yote na kupangwa kwenye masanduku manne. Nilikwenda na jirani yangu Mkongomani, fundi wa zamani wa Bukavu. Alichungulia sanduku la kwanza, akalifunga. "Ndugu, usinunue kitu ya ndani ya sanduku," akaniambia. "Ule aliifungua anajua ile inakosa. Wewe haujui."

Basi nikarudi kwa Honda. Aina hiyo ilitoka mwaka 1999, ikabadilishwa jina kuwa TRX400X mwaka 2009, na ikaendelea hadi 2014. Miaka 15 ya kutengeneza injini ileile, sisi 397, silinda moja, inayopozwa kwa hewa: hakuna rejeta ya kutoboka, hakuna pampu ya maji. Mtu aliyejifunzia ufundi kwenye bodaboda ataifungua bila kuogopa. Gia ya kurudi nyuma iliongezwa mwaka 2005, na hizo huuzwa ghali kidogo. Mimi nasukuma kwa miguu.

Sasa hesabu. Injini ilikula dola 465. Kuchonga silinda 75, kusaga valvu na kubadilisha sili zake 120, seti ya gasketi 60, taimingi cheni 45, na pistoni 165 baada ya kujumlisha nauli ya kurudisha ile ya kwanza niliyoagiza kwa pupa. Hapo nilijifunza mimi, nawe usirudie: silinda haichongwi kwa kubahatisha. Peleka kwa mchongaji kwanza, apime na kukuambia saizi gani itafuta mikwaruzo; ndipo uagize pistoni ya saizi hiyo; ndipo umpelekee pistoni mkononi achonge kwa kuifuata. Mimi niliagiza ya kuongeza robo milimita, mchongaji akapima akasema inataka nusu.

Jambo jingine kuhusu injini hii. Kemshafti yake ina kifaa kinachopunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, kwa hiyo geji ya kawaida ya kupimia inaweza kusoma chini hata kwa injini nzima. Watu wameshusha injini zisizo na ugonjwa kwa sababu hiyo. Njia ya uhakika ni kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na kusikiliza inatokea wapi. Vilevile oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni, si chini ya injini. Ukipima bila kuiwasha kwanza, kijiti kitakudanganya, utaongeza isiyohitajika.

Kabureta ilinifedhehesha. Iliyokuwemo ilikuwa imeganda petroli ya miaka mitatu, nami nikaona uvivu kuisafisha, nikanunua ya kuiga kwa dola 55. Ikawaka, ikakohoa, ikakataa kutulia mzigo ukiwa mdogo. Wiki mbili nilibadilisha jeti, kisha nikaitupa. Ile orijino niliichemsha, nikaipuliza, nikaiwekea seti ya mipira na jeti ya dola 30, ikakubali kwa siku moja. Jumla 85, na 55 kati yake ni za ujinga.

Mengine yalikwenda bila vituko. Beringi za magurudumu, boljointi na ncha za tairodi, 210. Matairi manne 280. Cheni na sproketi 120. Breki 110: seti tatu za pedi, mipira ya pistoni na mafuta. Bushi za mikono ya mbele na za nyuma 75. Betri, plagi, chujio na oili 130. Kitabu cha ufundi pamoja na pula ya kung'olea flaiwili 125. Kitabu hicho ndicho dola nilizozitumia vizuri kuliko zote. Rangi ya kopo na msasa wa fremu, 45.

Ukitazama vizuri utaona sikununua plastiki mpya. Seti nzima ni karibu dola 380, na kupeleka fremu ikapigwe rangi ya unga na kuokwa ni kama 400. Hapo ndipo wengi wanapozama. Wanaanza na sura, kwa sababu sura ndiyo inayopigwa picha; pesa zinaisha boljointi bado zinacheza. Boljointi ikichomoka ukiwa kwenye kasi, tairi la mbele linalala na wewe unaendelea na safari peke yako. Plastiki za waridi hazijawahi kumvunja mtu mguu.

Saa nilizotumia ni kama 60, sikuzitia bei. Ukimpa fundi wa hapa kazi hiyo yote, malipo ya mikono peke yake yatazidi thamani ya kwadi, kwa hiyo hilo si chaguo. Kwetu gereji ni pale fundi anapokaa chini ya mwembe. Huku ni chumba cha nyumba, na baridi ikizidi unashawishika kufunga mlango na kujaribu injini ndani. Usifanye hivyo hata kwa dakika mbili. Ndani ya moshi wa injini mna gesi inayoua, na haina harufu.

Je, ununue mpya? Honda TRX250X, ndogo na tulivu, imekuwa ikiuzwa miaka ya karibuni kwa dola 5,000 na kidogo. Yamaha Raptor 700 imekuwa ikikaribia 9,000. Kama unataka kupanda tu na hupendi mikono michafu, tafuta iliyotumika inayowaka kwa 2,500, tenga 500 za beringi, pedi na matairi, umemaliza. Zile mpya za bei ya chini zisizo na jina mimi nimeziacha: leo zinang'aa, mwakani hupati hata kebo ya klachi.

Na karatasi. Ohio kwadi ina hati ya umiliki kama gari, na muuzaji anaisaini mbele ya mthibitishaji. Linganisha namba ya kwenye fremu na ya kwenye hati kabla ya kutoa pesa. Asiye na hati atakuwa na hadithi ndefu ya mjomba aliyefariki; msikilize, mpe pole, ondoka.

Kwa mkoba wa kawaida, uamuzi wangu ni huu: 400EX ya 1999 hadi 2004, iliyokamilika, krenki inazunguka, isizidi dola 1,000, au KFX400 ikiwa haijaingia masandukuni. Njia za Monday Creek hufungwa tarehe 15 Desemba, na baada ya hapo wauzaji hawana wa kumringia. Nenda na taslimu na tochi.