Taa ya Baiskeli Haishikwi kwa Meno

Hapa kwetu Busunzu baiskeli ndiyo punda wetu. Mchana inabeba mihogo, ndizi na madumu ya maji. Usiku inabeba mgonjwa. Leo tuzungumze juu ya safari hiyo ya usiku, maana mimi mganga msaidizi ndiye ninayefungua mlango inapofika.

Masika moja, yapata saa 8 za usiku, walifika baba, mama na mtoto. Mtoto alikuwa na homa kali. Mama alikuwa amekaa kwenye keria, mtoto mgongoni. Baba alihitaji mikono yote miwili kushika usukani, hivyo tochi akaishika kwa meno. Kwenye mteremko baiskeli ikaruka jiwe, tochi ikamponyoka, wakaingia mtaroni gizani. Baba nilimshona paji la uso. Mama alikuwa ameteguka mkono. Mtoto alipata dawa akapona. Mgonjwa aliyetoka nyumbani alikuwa mmoja, nilitibu watatu.

Usiseme, "Mimi sisafiri usiku." Kwetu jua huzama karibu saa 1 jioni na huchomoza karibu saa 1 asubuhi, mwaka mzima. Anayekwenda sokoni saa 11 alfajiri bado yumo gizani. Tena magari yameongezeka. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akikuona ukiwa mita 30 mbele yake, amebakiwa na muda usiofika sekunde 2.

Kwa hiyo taa ina kazi mbili: wewe uone, na wewe uonekane. Baiskeli nyingi za zamani zilikuwa na dainamo, lakini dainamo huzimika ukisimama, na nyingi zimekwisha haribika. Tusisubiri. Vifaa tunavyo nyumbani.

TAA YA MBELE

1. Kata utepe wa tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili, urefu wa mkono mmoja.

2. Chukua kipande cha mti cha urefu wa kiganja. Kichonge mfereji upande wa juu, tochi ilale humo. Upande wa chini kichonge mfereji mwingine unaokingamana na ule wa kwanza, ukae juu ya chuma cha usukani.

3. Zungushia kipande cha tyubu kwenye chuma hicho kwanza, ili mti usiteleze. Kisha funga tochi, mti na usukani pamoja, utepe ukipita kwa msalaba. Uvute sana unapofunga.

4. Inamisha tochi kidogo. Mwanga uanguke hatua sita hadi nane mbele yako, usiingie machoni mwa anayekuja.

5. Piga breki mara kadhaa. Tochi isiguse vyuma vya breki.

Mpira ni bora kuliko kamba ya nailoni, maana nailoni huteleza. Tena mpira hufunguka upesi, nawe utaihitaji tochi mkononi ukifika. Usifunge tochi kwenye uma wa gurudumu la mbele. Ikishuka na kuingia kwenye spoku, gurudumu husimama ghafula nawe hurushwa mbele.

NYUMA

Mbele mwanga mweupe, nyuma mwekundu. Nyuma weka taa au rifleta nyekundu. Iweke kwenye madigadi au mguu wa keria, si juu ya keria, kwani huko mzigo au khanga ya mgonjwa itaifunika. Mahali pa kufungia pakiwa pamevunjika, kata kipande cha soli ya kandambili, kitoboe kwa msumari wa moto, ufunge kwa skrubu.

Wengine hutumia kifuniko cha kopo kinachong'aa. Ni afadhali kuliko giza, lakini hakitoshi. Kopo hutupa mwanga upande wowote kilipoelekea. Rifleta huurudisha kule ulikotoka, yaani kwa dereva. Kama huna, vaa shati jeupe, au shonea kiroba cheupe mgongoni mwa koti.

MIGUU YA ANAYEPAKIWA

Kifaa kingine muhimu ni kinga ya spoku. Mara nyingi nimesafisha visigino vya watoto vilivyochunwa na gurudumu la nyuma. Chukua dumu bovu la plastiki, kata pande zake mbili zilizo bapa, zitoboe pembeni, uzifunge kulia na kushoto kwenye vyuma vya madigadi na miguu ya keria.

Mguu ukinaswa, usiuvute. Rudisha gurudumu nyuma polepole, au kata spoku. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, uje zahanati. Kidonda hicho huhitaji pia kinga ya pepopunda.

TAHADHARI

Taa ndogo za dukani hutumia betri bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza, yaweza kuunguza umio wake kwa muda wa saa 2 tu. Usimtapishe, mkimbize hospitali.

Pia, taa nzuri haifanyi kila mgonjwa afae kupakiwa kwenye baiskeli. Aliyevunjika mgongo au mguu, na aliyezimia, abebwe kwa machela au gari. Mama mwenye uchungu wa kuzaa asipandishwe keria. Simu ikishika, piga 115, namba ya bure ya mpango wa m-mama, uombe usafiri. Mwenye baiskeli na taa atangulie zahanati kutoa habari.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Walisikiliza redio katika vikundi, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Nasi tusiishie kusoma. Jumapili hii kila mtu alete baiskeli, tyubu kuukuu na kisu, tufunge pamoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kitongoji chenu, ni nani ataamshwa usiku kubeba mgonjwa? Baiskeli yake ina taa?

2. Machela ya kitongoji iko wapi, na nani anaitunza?

3. Ni mahali gani njiani penye mtaro au daraja bovu panapohitaji kigingi kilichopakwa chokaa?