MCHUA MISULI ATAKAYE KAZI YA HOSPITALI

Leo nasema nawe unayekaa pembeni mwa kiwanja na ndoo ya maji, barafu na bendeji, iwe ni Nangwanda Sijaona pale Mtwara mjini, au kiwanja cha mchanga kule Msimbati. Watu hukuita "daktari wa timu". Nawe umeanza kuwaza: kwa nini nisisomee tiba ya viungo hasa, nikafanye kazi hospitali?

Wazo hilo si geni. Kazi hiyo yenyewe ilizaliwa na watu wa mazoezi na wa kuchua. Mwaka 1813 Msweden mmoja, Pehr Henrik Ling, alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza waliunda chama cha wachuaji waliosomea kazi yao, nacho ndicho leo chama cha wataalamu wa tiba ya viungo wa nchi ile.

Basi unacho cha kuanzia. Lakini hebu tutazame kifundo cha mguu kilichoteguka. Hospitali hawaanzi kwa kuchua. Hutazama kama mtu aweza kwenda hatua nne, kisha humbonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, upande wa ndani na wa nje. Ikiwa hawezi kwenda, au mfupa wenyewe wauma, apigwe picha ya eksirei. Kanuni hiyo ilitoka Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Na paja lililopigwa goti, ukilichua kwa nguvu siku za kwanza, damu iliyovilia yaweza kugeuka mfupa ndani ya msuli. Wako wanaojisifu kwamba huchua mpaka mchezaji atoe machozi. Hao wangefaa kumwacha apumzike.

Sasa tuseme umeletewa mvuvi aliyepatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia umelegea kabisa. Wewe umezoea kunyoosha misuli iliyokaza, na utatamani kuushika mkono ule uuvute. Usiuvute! Bega hushikiliwa na misuli, nayo imelala. Ukivuta, au ukimwinua kwa kumshika kwapani, bega laweza kuchomoka. Mkono wake huwekewa mto. Mwenyewe hugeuzwa kitandani, hufundishwa kuketi, kisha kusimama akiukanyagia na ule mguu mnyonge. Kazi hiyo ni ya miezi. Mchezaji wako alikuwa kijana mzima aliyeumia mahali pamoja, na alikuwa na haraka ya mechi ya Jumapili. Mzee huyu ana shinikizo la damu, pengine na kisukari, na yakupasa ujue ni wakati gani zoezi lisimame. Naye hataki kukimbia. Ataka kupanda mtumbwi wake tena, na kujifunga msuli bila kusaidiwa.

Hayo ndiyo yanayosomewa. Chuo cha KCMC, Moshi, kimefundisha kazi hii tangu miaka ya 1970. Stashahada yake ni miaka mitatu, na shahada ipo pia. Hutazamwa ufaulu wa kidato cha nne katika Biolojia, Kemia na Fizikia. Cheti cha huduma ya kwanza ya michezo hakishiki nafasi ya masomo hayo. Kama Kemia ilikushinda, hapana budi urudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na Moshi ni zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Mtwara. Mwenye watoto na afikiri na mwenzake kwanza.

Kabla hujatenga fedha za korosho kwa ajili ya ada, nenda Hospitali ya Ligula, uombe kwa adabu ruhusa ya kutazama kazi ya tiba ya viungo asubuhi chache. Nenda na siku ambayo hakuna mwanamichezo hata mmoja.

Swali la kikundi: Mchezaji ameanguka, hawezi kwenda hatua nne, na nahodha ataka umchue arudi uwanjani. Utamjibu nini?