Hikima ya Kupanga na Kupangua Gia

Abiria aliyesimama ndani ya basi, mkono mmoja ukishika bomba la juu na mwingine ukilinda kapu, humhukumu dereva kwa shingo na magoti kabla hajamwona uso. Na hukumu hiyo aghalabu ni ya haki, maana ndani kabisa ya sikio la kila mwanadamu zimo chembechembe ndogo mno za chokaa, zilizolala juu ya vinywele vyenye hisi, ambazo hubaki nyuma gari linapoongeza mwendo na hutangulia mbele gari linapoupunguza, zikaupelekea ubongo habari ya kila badiliko. Mwili haulalamiki juu ya mwendo mkubwa, wala hausumbuki sana kwa mwendo unaoongezeka kwa kadiri ileile, kwa kuwa mtu hujiegemeza akazoea. Kinachompepesua ni nguvu inayomsukuma kukatika au kuzidi kwa ghafula, kabla misuli haijapata wakaa wa kujibu. Gia iliyoingizwa vibaya huleta badiliko la namna hiyo hasa, na watu wengi hudhani kwamba dawa yake ni mguu mwepesi. Mguu mwepesi una sehemu yake, lakini ni sehemu ndogo, na asili ya ulaini huanza kabla mguu haujaachia klachi.

Yafaa kwanza kuuliza kwa nini motokaa ihitaji gia, ilhali gari moshi la mvuke halikuzihitaji. Zile Garratt kubwa za daraja la 59, zilizoanza kufika Afrika ya Mashariki mwaka 1955 zikavuta mizigo kutoka Mombasa kupanda hadi Nairobi, hazikuwa na giaboksi, kwa sababu mvuke huisukuma pistoni kwa nguvu zake zote hata magurudumu yakiwa yamesimama kimya. Injini ya petroli au ya dizeli haikujaliwa uwezo huo. Ikishuka chini ya mizunguko 700 hivi kwa dakika huanza kutetemeka na hatimaye huzima, na katika magari mengi madogo nguvu yake ya kuzungusha hukomaa baina ya mizunguko 2,000 na 4,500. Ilhali gurudumu la gari linalokwenda kilomita 10 kwa saa huzunguka kama mara 90 tu kwa dakika. Kati ya injini isiyoweza kwenda polepole na gurudumu linalolazimika kuanza polepole, pamewekwa wapatanishi wawili: giaboksi, inayobadili uwiano wa mizunguko, na klachi, inayofunga na kufungua kiungo baina ya pande hizo mbili.

Natuchukue gari dogo la kawaida, ambalo katika gia ya pili injini yake huzunguka mara 8 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na katika gia ya tatu mara 5.6. Gari hilo likiwa katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gurudumu huzunguka takriban mara 360 kwa dakika. Basi injini, katika gia ya pili, yaenda mizunguko karibu 2,900, na katika gia ya tatu yapaswa kwenda 2,000 na kidogo. Barabara ni ileile, mwendo ni uleule, lakini dereva anapoutoa mkono wa gia katika ya pili na kuutia katika ya tatu, injini haina budi kupoteza mizunguko 860 au zaidi. Na apanguapo, akirudi kutoka ya tatu hadi ya pili, haina budi kuipata mizunguko hiyohiyo. Hapo ndipo lilipo shauri lote la kubadili gia kwa ulaini. Tafauti hiyo lazima ifutwe, na anayeifuta ni dereva kwa mguu wake wa mafuta, au, yeye akighafilika, ni klachi kwa joto lake na abiria kwa shingo zao.

Mabaharia wanalijua jambo hili kwa sura nyingine: mtu avukaye kutoka mashua moja hadi nyingine katikati ya bahari husubiri kwanza mashua zote mbili zitwae mwendo mmoja, ndipo ainue mguu.

Apandishaye gia hupata msaada wa maumbile, kwa kuwa injini iliyonyimwa mafuta hushuka yenyewe, ikizuiwa na msuguano wake na hewa inayoivuta. Kazi ya dereva ni kungoja kitambo kidogo, mara nyingi pungufu ya sekunde nzima, hata sauti ya injini ishuke ifikie pale gia mpya inapoitaka, ndipo aachie klachi. Akiwa na haraka akaachia mapema, injini ingali juu, gari hurushwa mbele. Akichelewa mno, injini imekwisha shuka kupita kiasi, gari huvutwa nyuma kana kwamba limefungwa breki. Kwenye mpando kitambo hicho hurefuka, kwa kuwa gari nalo lapoteza mwendo huku injini ikishuka, na ile namba inayotafutwa yahama kila nukta. Hii ndiyo sababu dereva mzuri wa tambarare huweza kuonekana mwanafunzi milimani.

Kupangua ndiko kwenye ugumu, kwa kuwa maumbile hayasaidii tena. Injini yapasa ipande, nayo haipandi bila kupewa mafuta; basi klachi ikiwa chini, na mkono wa gia ukipita katikati, mguu wa kulia huigusa akseleta mguso mfupi, injini ikanguruma kidogo hadi mizunguko ya gia ya chini, ndipo klachi iachiwe. Ikifanywa sawasawa, abiria hasikii kitu ila sauti kubadilika. Naona ni hasara kubwa kwamba mafunzo mengi ya udereva huliacha jambo hili, yakatumia siku nyingi kumtisha mwanafunzi asizime gari na kumkariria kwamba aachie klachi polepole, hata akatoka shuleni akiamini kwamba pedali ya kushoto yaweza kuponya kila kosa.

Klachi yaweza kuponya, walakini kwa malipo. Umbo lake ni sahani yenye gamba la msuguano, iliyobanwa kwa springi baina ya gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili, na sahani nyingine ya chuma. Nyuso zinapokutana zikiwa na mizunguko tafauti, husuguana hadi zilingane, na nishati inayopotea katika kulinganishwa huko hugeuka joto. Joto hilo hukua kwa mraba wa tafauti: dereva aliyeipunguza tafauti kwa nusu amelipunguza joto hadi robo. Katika kuondoka, gari likiwa limesimama, yako maajabu zaidi yanayothibitika kwa hesabu: ikiwa injini imeshikwa katika mizunguko ileile hadi klachi ishike kabisa, basi hata mguu uwe latifu namna gani, joto linaloachwa katika klachi kwenye barabara tambarare halipungui kiasi cha nishati ya mwendo ambayo gari limeipata. Gari la kilo 1,200, likishikwa klachi katika mizunguko 1,000, hufikia mwendo wa mita 2 hivi kwa sekunde, na joto lake ni jouli 2,400. Dereva yuleyule akikanyaga mafuta hadi mizunguko 2,000, mwendo wa kushikana ni mita 4, na joto ni jouli 9,600, yaani mara nne. Kuachia polepole hakulipunguzi joto hilo, ila hulieneza katika muda mrefu. Ayapunguzaye mafuta ndiye alipunguzaye joto.

Ndiyo sababu ile desturi ya kulishikilia gari mlimani kwa nusu klachi, ambayo madereva huiita kubalansi, ni adui wa sahani. Apandaye kutoka kivukoni Likoni na gari lililojaa, watu wakipita mbele yake, hufanya heri akivuta breki ya mkono na kungoja, kuliko kuiacha injini isugue bure huku gari halisogei hata shibiri.

Katika zama za kwanza za motokaa hapakuwa na chombo cha kumsaidia dereva ndani ya giaboksi yenyewe. Émile Levassor, wa kampuni ya Panhard et Levassor ya Ufaransa, aliyeweka injini mbele, klachi na giaboksi nyuma yake, na nguvu ikapelekwa magurudumu ya nyuma, alitumia meno yanayotelezeshwa yakutane yakiwa yanazunguka. Na kwa gari la namna hiyo, mwaka 1895, alikwenda Paris hadi Bordeaux na kurudi, kilomita zipatazo 1,178, kwa saa 48 na dakika 48, akiliendesha mwenyewe karibu njia nzima. Meno yasiyolingana yalilia na kuvunjika, na madereva wakalazimika kukanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kuitoa gia, kisha kuiachia klachi mkono ukiwa katikati, ili injini ishikane na mhimili wa giaboksi na kuuzungusha upya kwa kipimo kinachotakiwa, kisha kukanyaga tena na kuingiza gia mpya. Mguso wa mafuta bila kuiachia klachi pale katikati haumfai dereva wa giaboksi hiyo, kwa kuwa injini itapanda peke yake na meno yatabaki yalivyo.

Mwaka 1928 magari ya Cadillac yalitoka na ufumbuzi wa Mmarekani Earl Thompson, ambao leo mafundi huuita sinkronaiza: ringi ya shaba yenye umbo la pia hutangulia kusugua ubavu wa gia kabla ya meno kukutana, na hadi mizunguko ilingane, meno yake huziba njia. Kwa hiyo mkono unaouhisi mkono wa gia ukikataa kwa kitambo haukutani na ubishi. Ringi ingali kazini, na yataka msukumo thabiti usio na pigo. Gia ya kurudi nyuma, katika magari mengi, haikupewa ringi hiyo, ndiyo maana hukwaruza ikiingizwa gari lingali likisogea.

Malori mengi mazito yameendelea kuwa na giaboksi zisizo na ringi, na huko hesabu yetu huwa ya uhai. Lori la tani 30 linaloteremka mlima wa Kitonga, katika barabara ya Iringa kwenda Morogoro, huachilia kwa kila mita 100 za kushuka nishati ya jouli milioni 29 na zaidi, inayotosha kuchemsha maji ya kawaida lita 90. Nishati hiyo yote ikitupwa kwenye breki, breki hupata moto na kulegea. Gia ya chini huigeuza injini kuwa mzuiaji, mradi iingizwe juu, kabla ya mteremko, kwa kuwa pengo baina ya gia mbili hukua pamoja na mwendo: mizunguko 860 ya kilomita 40 katika lile gari letu dogo huwa 1,730 katika kilomita 80. Dereva aliyetoa gia katikati ya mteremko akaikosa inayofuata hana kitu kinachomzuia, na kila sekunde lori lazidi mbio, hata injini isiweze kupanda kufikia mizunguko inayodaiwa na gia anayoitaka. La kufanya ni kuacha kuhangaika na mkono wa gia, kukanyaga breki kwa nguvu mara moja zingali baridi, mwendo ukarudi pale injini inapoweza kuufikia, ndipo aachie klachi katikati, anyanyue mizunguko, na kuijaribu gia tena.