Brandon Vera: juu gani mukanda wa UFC ulimupita?

Tarehe 18/11/2006, kule Sacramento, Marekani, Brandon Vera alimushinda Frank Mir, bingwa wa zamani wa uzito wa juu wa UFC, kwa sekunde 69 tu. Alikuwa amepigana mara 8 bila kushindwa. Alisema atavaa mikanda ya uzito mbili kwa wakati moja, na wengi walimuamini.

Haikuwa hivyo. Juu gani? Kwanza ni kontra. Ugomvi na manajeri wake ulimuweka inje ya ulingo karibu mwaka muzima. Mupiganaji akikaa bila kupigana, wengine wanamupita. Aliporudi mwezi wa 10/2007, Tim Sylvia alimushinda kwa pointi. Mwezi wa 6/2008, Fabricio Werdum akamumaliza katika raundi ya kwanza. Kisha akashuka uzito, lakini hakupigania mukanda wa UFC hata siku moja.

Mukanda aliupata mwezi wa 12/2015 kule Manila, katika inchi ya baba yake, kwenye shindano la ONE Championship. Alikuwa na miaka 38.

Vijana munaofanya mazoezi hapa kwetu, muangalie: ngumi zinafungua mulango, lakini kontra inaweza kuufunga. Muisome na mutu anayeielewa, mbele ya kutia sahihi.