Kwa nini Wabongo na Wakenya hatuishi kurushiana madongo?

Jibu langu ni fupi: mtu humcheka yule anayejipima naye. Nani kawahi kusikia Mbongo anawakandia watu wa Mongolia?

Enzi za Ujamaa huku tulisema Kenya ni nchi ya mtu kumla mtu. Wao wakajibu kwamba kwetu mtu hali kitu. Halikuwa utani mtupu. Sisi tulishika Azimio la Arusha tangu 1967, wao ubepari, na kila mmoja alitaka njia yake ionekane ndiyo yenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983. Jumuiya ilirudi, madongo nayo hayajaisha.

Sasa nikiri. Nilipomaliza fomu foo nilimcheka Mkenya mmoja mgahawani, eti "leta hiyo maji", mpaka mbavu zikaniuma. Kumbe asubuhi ile nilitoka kwenye usaili wa kazi nimeumbuka: niliulizwa kwa Kiingereza, nikabaki natoa macho tu (yai lilikataa kabisa!). Kiswahili ndicho kitu pekee nilichojua namzidi mtu siku ile, ndiyo maana nilicheka vile.

Yeye maji aliletewa, akanywa, akaondoka zake.