Aliyekaa Minnesota Akirudi Nyamira

Kila Desemba barabara ya Kisii kwenda Nyamira hujaa watu waliorudi kwao kutoka Minnesota, ambako Abagusii, wenyeji wa huku, ni wengi. Kabla ya kupewa viza ya kuhamia kule walipigwa picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, wakapimwa kaswende, wakadungwa chanjo. Hadi Januari 2010, sheria ya Marekani ilimfungia mlango hata mwenye virusi vya UKIMWI. Siasa za uhamiaji huuliza mgeni anakuja na nini mwilini. Sisi tunaosomea kinga tuna swali la pili: akirudi kwao, mwili wake umepoteza nini alipokuwa huko?

Ukiugua surua mara moja, mwili hausahau ugonjwa huo maisha yako yote. Malaria sivyo. Kinga yake hujengwa kwa kuambukizwa mara nyingi, na hata ikikomaa haizuii maambukizi, inazuia kuzidiwa. Kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu huivika protini kwa nje, na kina jeni zipatazo 60 za kutengenezea mavazi hayo. Mwili ukishalitambua vazi moja, kimelea huvaa jingine. Mtoto wa Homa Bay kando ya ziwa, anayeumwa na mbu mwaka mzima, huyajua mengi kadiri anavyokua. Mwaka 1961 Sydney Cohen na Ian McGregor waliwadunga watoto wagonjwa wa Gambia kingamwili zilizotoka kwa watu wazima wa huko, na vimelea vikapungua. Lakini kingamwili hizo hufifia mtu akihama kutoka penye mbu wa malaria.

Kisii na Nyamira ziko juu, na baridi yake ina faida: joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, kimelea hakikomai ndani ya mbu. Kwa hiyo watu huambukizwa mara chache, na kinga yao ni nyembamba. Mvua na joto vikizidi, mlipuko huja na kuwalaza watu wazima pamoja na watoto, kama ilivyokuwa mwaka 2002 Kisii, Gucha, Kericho na Nandi.

Mlipuko ukija, lawama hutafuta mtu wa nje: wa ziwani ndio wanaotuletea. Ni kweli kimelea husafiri ndani ya damu ya mwalimu aliyetoka Migori au mchuuzi aliyetoka soko la Sondu. Ila bila mbu hakivuki kwenda kwa jirani, na mbu huyo amezaliwa hapa hapa, katika mashimo ya matofali yaliyoachwa wazi yakajaa maji.

Kwamba malaria hufuata mahali, si kabila, ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulianzia kwa mwanafunzi. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusoma Oxford, alizunguka nchi yetu mwaka 1949 akikusanya damu za makabila mbalimbali. Pwani na kando ya ziwa, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alibeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu, hakufika hata mmoja kati ya 100. Watu wa Pwani na wa ziwani hawana lugha moja wala nasaba moja. Walichoshiriki ni mbu. Mwaka 1954 Allison alionyesha kuwa kubeba nakala moja ya jeni hiyo humkinga mtu dhidi ya malaria. Hata kinga ya kurithi, basi, ilichorwa na mahali kabla ya kabila.

Ningependa mwanafunzi wa biolojia na mwenzake wa siasa katika Chuo Kikuu cha Kisii waandike utafiti mmoja juu ya mama aliyerudi Desemba na mtoto wa miaka minne aliyezaliwa Minnesota. Nyanya atasema mjukuu ni wa hapa, hadhuriki. Mtoto huyo hajakutana na vazi hata moja la kimelea. Anahitaji dawa ya kujikinga inayoanzwa kabla ya kupanda ndege, chandarua akifika, na kipimo siku ile ile homa inapomshika. Homa inaweza pia kuja wiki kadhaa baada ya kurudi Minneapolis, na hapo maswali ya wanafunzi hao wawili hukutana. Daktari wa kule, asiyeona malaria mara kwa mara, lazima aambiwe kwamba mgonjwa ametoka Kenya. Ndani ya nyumba hiyo hiyo huenda yumo ndugu asiye na makaratasi, na mama anaogopa kwenda hospitali asije akaulizwa nani mwingine anaishi naye. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili.